Fahamu: Kwa nini mkeka mrefu huchanika

Tunduma, kwenye foleni ya malori ya Zambia, mkeka wa kubashiri mechi ukichanika, yaani ukipoteza, lawama huiangukia timu moja. Kompyuta inaonyesha sababu nyingine.

Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akicheza karata peke yake, alijiuliza uwezekano wa kushinda. Akaona afadhali mchezo uchezwe mara nyingi, matokeo yahesabiwe. Hapo ndipo ilipozaliwa njia ya Monte Carlo.

Tumia njia hiyo kwenye mkeka: chukua mechi 10, kila moja uwezekano wa kushinda ukiwa nusu kwa nusu, odi 1.90. Iamuru programu isuke mikeka milioni moja ya shilingi 1,000. Itakayotiki ni kama 977 tu, kila mmoja ukilipa takriban 613,000. Yaani katika kila 1,000 iliyowekwa, hurudi wastani wa 599. Ukibetia mechi moja, wastani ni 950. Kila mechi unayoongeza inakata asilimia 5 ya kilichobaki.