Nani Ashike Ufunguo wa Ghala la Nakala?

Utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale ulisimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956. Tunausoma leo kwa kuwa Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, na nakala zake zikaenea. Masimulizi ya Kinyanga na Kihunde yanayorekodiwa siku hizi hayana kinga hiyo. Hukaa katika kompyuta, na nakala ya akiba katika seva iliyo mbali.

Mapigano yaliyofika Masisi Januari 2025 na Walikale Machi 2025 yametukumbusha faida ya umbali. Hata hivyo, umbali peke yake hautoshi. Msimamizi wa seva huongeza watumiaji, hubadili ruhusa na hufuta mafaili. Kompyuta iliyoachwa nyuma, ikiwa imehifadhi neno lake la siri, yatosha kuteketeza nakala zote.

Kwa hiyo yafaa kutenganisha madaraka. Anayerekodi aruhusiwe kuweka, asiruhusiwe kufuta. Mtafiti aruhusiwe kusoma tu. Usimamizi wapewe watu wawili wakaao miji tofauti, kila mmoja kwa jina na neno lake la siri, ili kumbukumbu za seva zionyeshe nani alitenda nini. Ukurasa wa usimamizi usifunguliwe kamwe kwa kompyuta ya nyanjani. Aachaye kazi, au apotezaye kompyuta, ruhusa yake ifutwe siku hiyo hiyo.

Faili likifutwa baada ya msimulizi kufariki, hakuna wa kurekodiwa tena.