Akaunti kwa Jina la Anayetoa Jasho

Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, kwa hesabu ya Benki Kuu ya Kenya. Mwaka uliotangulia zilikuwa karibu bilioni 4.2. Chai hailetei nchi fedha za kigeni kiasi hicho, wala maua. Sehemu ya pesa hizo huteremkia Machakos. Unaziona katika nyumba za mawe zinazoinuka Mua na Kathiani, katika ploti zinazokatwa kuelekea Konza, na kwenye foleni ya wakala wa M-Pesa pale Masii mwezi unapoisha. Ila ukiuliza zikishafika zinawekwa kwa jina la nani, mara nyingi utatajiwa mtu mwingine, si yule aliyezihangaikia.

Mambo huenda hivi. Binti wa Mwala anapata kazi ya nyumbani Riyadh. Mshahara wa kwanza ukitoka anautuma kwa simu ya mama, au ya kaka, kwa kuwa hiyo ndiyo njia aliyo nayo. Kwa karo, unga na dawa, njia hiyo haina mshindani, na M-Pesa imestahili sifa zake tangu ilipoanza Machi 2007. Taabu huanza pesa zinapotakiwa kukaa. M-Pesa hairuhusiwi kubeba zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja, na muamala mmoja hauvuki 250,000. Tena laini si ya binti. Kwa hiyo kaka anaweka akiba kwenye akaunti yake mwenyewe, analipa ploti kwa risiti yenye jina lake, na hati miliki ikitoka inatoka kwa jina lake.

Kaka si lazima awe mwizi ili mambo yaharibike. Anaweza kufariki. Benki ikipata habari itafunga akaunti hadi familia ilete barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na kilichomo kitahesabiwa kuwa mali ya marehemu, kigawiwe mjane na watoto wake. Dada aliyeko Riyadh atabaki na picha za jumbe za M-Pesa kwenye simu. Pengine ukoo utamhurumia. Lakini huruma ya ukoo haina nambari ya akaunti, na wajane nao wana haki zao ambazo sheria inazilinda, tena ipasavyo.

Equity, KCB, Co-operative na Absa zote zina matawi mjini Machakos, na zote zina huduma kwa wateja walio nje ya nchi. Karatasi wanazotaka zinafanana: kitambulisho cha taifa, pasipoti, PIN ya KRA, picha, uthibitisho wa anwani ya unakoishi, na maelezo ya kazi unayofanya. PIN haina mjadala, maana Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 imeitaja kufungua akaunti miongoni mwa shughuli zinazoihitaji. Anayefungua akiwa nje kwa kawaida huambiwa nakala zake zigongwe muhuri na ubalozi, wakili, mthibitishaji wa hati au benki inayotambulika.

Muuguzi aliyeko Dallas atamaliza kazi hiyo mchana mmoja. Mthibitishaji wa hati yupo karibu, gari analo, pasipoti iko kwenye droo yake. Kwa mfanyakazi wa nyumbani aliyeko Riyadh, fomu ileile ni mlima. Pasipoti mara nyingi imeshikwa na mwajiri. Siku ya mapumziko haina uhakika. Ubalozi uko upande wa pili wa jiji, na kutoka nje ya lango kunahitaji ruhusa. Meza za ng'ambo za benki zetu zilipangwa kwa kumfikiria yule wa Dallas, anayetafuta mkopo wa nyumba Syokimau. Simlaumu, na biashara yake ni halali. Lakini mwenzake wa Riyadh naye anatuma kila mwezi, na hana mahali pengine salama pa kuweka.

Ndiyo maana nasisitiza akaunti ifunguliwe kabla ya safari, hapa hapa, wakati mtu bado ana kitambulisho mkononi na miguu yake inaweza kumfikisha kwenye tawi. Si lazima iwe akaunti yenye jina la kifahari. Akaunti ya kawaida ya akiba hupokea pesa kutoka nje vilevile. Cha kukagua ni vitu vitatu vidogo ambavyo watu huvisahau kwenye pilkapilka za viza: majina kwenye akaunti yafanane herufi kwa herufi na yaliyo kwenye pasipoti, programu ya benki iwe imewashwa na kujaribiwa kwenye simu itakayosafiri, na nambari ya siri asiachiwe mtu. Kama mama anahitaji matumizi, benki inaweza kuagizwa imtumie kiasi fulani kila tarehe 5. Hapo mama anakula bila kushika akaunti nzima, na hakuna anayemshuku mwenzake.

Laini ya simu nayo ni sehemu ya akaunti, ingawa wengi huiona kama kitu cha kuachia mdogo wako. Namba za kuthibitisha muamala hutumwa kwenye laini ile iliyosajiliwa. Ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa, baadaye ikauzwa kwa mtu mwingine. Akaunti yenyewe ikilala bila mwendo kwa miaka 5, sheria huitaka benki ikabidhi pesa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA. Zinarudishwa ukizidai, lakini kuzidai ukiwa Doha ni safari nyingine ya karatasi.

Upande wa kule mambo yanabadilika, na kwa Ghuba yamebadilika kwa uzuri. Mfanyakazi wa kigeni asiye na iqama, yaani kibali cha ukaazi, kwa kawaida hawezi kufungua akaunti Saudi Arabia, na Dubai benki kwa kawaida humtaka kitambulisho cha mkazi, Emirates ID. Kwa miaka mingi mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani ulitolewa mkononi, au haukutolewa, na hakukuwa na ushahidi. Tangu Julai 2024 Saudi Arabia ilianza kutaka mishahara ya wafanyakazi wa nyumbani wenye mikataba mipya ipitie jukwaa la Musaned, iingie katika pochi ya kidijitali au benki kwa jina la mfanyakazi. Utekelezaji ukiwa imara, binti wa Mwala atakuwa na rekodi ya kila riyali, na kutoka hapo ataweza kuzituma pesa hizo kwenye akaunti yake mwenyewe Machakos.

Uingereza kikwazo ni anwani. Benki inataka karatasi inayoonyesha unapoishi, na mwenye nyumba anataka akaunti ndipo akupangishe. Mwanafunzi huokolewa na barua ya chuo, muuguzi na barua ya mwajiri. Asiye na kibali cha kuishi hana njia, maana Sheria ya Uhamiaji ya 2014 inazikataza benki kumfungulia akaunti ya kawaida ya matumizi. Ujerumani, kama nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, tangu 2016 humpa mkazi halali haki ya akaunti ya msingi, hata kama hana historia ya mikopo. Marekani wengi huamini kuwa bila nambari ya Social Security hakuna akaunti. Kanuni za huko zinairuhusu benki kumpokea mgeni kwa nambari ya pasipoti yake. Benki moja ikikataa, inayofuata mtaani huenda ikakubali.

Kwa walio Marekani, kuwa na akaunti kule sasa ni suala la hela taslimu. Tangu Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma pesa nje akilipia kwa noti, hundi ya benki au hati nyingine ya malipo ya aina hiyo. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa huko hatozwi. Na kuna jambo jingine ambalo maafisa wa mauzo hapa nyumbani hawalitaji: mkazi wa Marekani kwa kodi, hata mwenye green card tu, akiwa na jumla ya zaidi ya dola 10,000 katika akaunti za nje wakati wowote wa mwaka, lazima azitangaze kwa serikali ya huko. Akaunti ya Machakos inahesabiwa. Kutangaza ni bure. Kunyamaza kunaweza kuleta faini inayozidi akiba yenyewe.

Wateja hulalamika pia kwamba maswali yamezidi. Pesa umepata wapi, unamtumia nani, za nini. Februari 2024 FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, kiliiweka Kenya kwenye orodha ya kijivu, na Juni 2025 Tume ya Ulaya ikatangaza kuiweka kwenye orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa. Benki za nje huongeza uchunguzi, za kwetu nazo huongeza fomu. Mkataba wa kazi na hati za mshahara zikihifadhiwa kwenye barua pepe huondoa usumbufu mwingi.

Je, dola au shilingi? Tangu sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni ifutwe 1995, Mkenya anaweza kuweka dola kwenye benki ya hapa. Riyali ya Saudi imefungwa kwa dola, 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo mshahara wa riyali 900, ambao wengi wa wafanyakazi wetu wa nyumbani hulipwa karibu na hapo, ni dola 240. Januari 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160, hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi 38,000. Miezi michache baadaye shilingi ilikaa karibu 129, na mshahara uleule ukawa kama 31,000. Kwa maoni yangu, anayelenga ploti ya Matuu aweke shilingi, kwa kuwa ndizo atakazolipia. Kuotea bei ya dola si akiba. Akumbuke pia kwamba kinga ya KDIC, shirika la bima ya amana, hufika shilingi 500,000 kwa kila mteja katika benki moja, kwa hiyo akiba ikivuka hapo ni vyema kuigawa. Sehemu inaweza kwenda kwenye hati fungani za serikali kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu, zinazoanzia shilingi 50,000. Nazo zinahitaji akaunti ya benki ya Kenya yenye jina lako.

Kila anayekwenda Ghuba kwa kazi za nyumbani hutakiwa kupitia mafunzo kabla ya safari. Hapo wote wapo pamoja, vitambulisho vipo, pasipoti bado ziko mikononi mwao. Idara ya Serikali ya Masuala ya Ughaibuni ingeweza kutaka nambari ya akaunti iandikwe kwenye faili la kila anayeondoka, karibu na jina la jamaa wa kupigiwa simu ya dharura. Benki nazo hazihitaji kungoja agizo. Darasa la watu 40 wanaolipwa riyali 900 kila mmoja ni riyali 36,000 kwa mwezi, zaidi ya shilingi milioni 1.2, kwa mkataba wa miaka 2. Afisa mmoja wa tawi mwenye fomu na kishikwambi anaweza kuwasajili wote kwa siku moja.