Insulini Haipofushi, Lakini Jicho Litazamwe Kwanza

Ukitaja insulini mbele ya watu wa Nyaramba, katika Kaunti ya Nyamira nchini Kenya, hukawii kusikia kisa cha mtu aliyekaa na sukari miaka kumi akiona vizuri, kisha akaanzishiwa sindano, na kabla ya mwaka kwisha akawa anashikwa mkono kwenda msalani. Hukumu hutolewa papo hapo: sindano imempofusha. Hukumu hiyo si ya kweli, na imewagharimu watu figo, miguu na uhai. Hata hivyo kisa chenyewe kinaweza kuwa cha kweli, na sisi tunaoandika habari za afya tunakosea tunapokipuuza. Aliyeshuhudia jirani akipoteza macho hatulizwi kwa kuambiwa tu kwamba dawa ni salama. Anastahili kuelezwa kilichotokea ndani ya jicho.

Ushahidi upo tangu zamani. Utafiti wa DCCT, uliofanyika Marekani na Kanada kuanzia 1983 hadi 1993, uliwafuatilia wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza. Katika mwaka wa kwanza, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilizorota kwa asilimia 13.1 ya walioshushiwa sukari kwa nguvu, dhidi ya asilimia 7.6 ya waliotibiwa kwa namna ya kawaida. Mtu akiishia hapo ataamini wanayosema majirani. Lakini miaka iliposonga picha iligeuka: kwa walioanza wakiwa na dalili za ugonjwa machoni, udhibiti mkali ulipunguza kuendelea kwake kwa asilimia 54. Hata waliozorota mapema hawakuishia pabaya kuliko wenzao walioachwa na sukari ya juu. Na si insulini peke yake. Mwaka 2016, utafiti wa semaglutaidi, dawa inayouzwa kwa jina la Ozempic na ambayo si insulini, ulionyesha matatizo ya retina kwa asilimia 3.0 ya walioitumia, dhidi ya asilimia 1.8 ya wasioitumia, na wengi wa waliopata matatizo hayo walikuwa na ugonjwa wa retina tangu awali. Kinachounganisha dawa hizi mbili ni kasi na ukubwa wa kushuka kwa sukari katika jicho lililokwisha kuharibika.

Retina ina njaa kubwa ya oksijeni. Sukari ikiwa juu kwa miaka, huziua seli zinazozikumbatia kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, na kapilari moja moja huziba. Sukari hiyohiyo, kwa upande mwingine, huongeza mtiririko wa damu kuelekea retina, na sehemu zilizobaki na mishipa michache huponea hapo. Fikiria bomba la maji linalopanda vilima vya Nyamira, limetoboka njia nzima, lakini pampu inasukuma kwa nguvu kupita kiasi hivi kwamba hata nyumba ya mwisho inapata ndoo yake. Fundi akiirudisha pampu kwenye nguvu yake sahihi bila kuziba matundu, nyumba ya mwisho inakauka. Sukari ikishuka ghafla, mtiririko hupungua, na sehemu zilizokuwa zikiishi kwa kubahatisha hukosa hewa. Kwenye picha ya retina hujitokeza madoa meupe kama vipande vya pamba. Ni nyuzi za neva zilizovimba kwa sababu mizigo inayosafirishwa ndani yake imekwama njiani. Retina yenye njaa hutoa protini iitwayo VEGF kuita mishipa mipya, na wakati huohuo homoni ya IGF-1 hupanda katika damu matibabu yanapoanza kufanya kazi. Mishipa inayoota hivyo ni dhaifu, huvuja na kupasuka. Wanasayansi bado wanabishana ni kipi kati ya hivi chenye uzito zaidi.

Basi tushushe sukari polepole? Wazo hili lina mantiki, na madaktari wengi hushusha hatua kwa hatua pale HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ilipo juu sana na jicho limeshaathirika. Hilo pia hupunguza hatari ya sukari kuanguka kupita kiasi. Lakini DCCT haikupata ushahidi kwamba kwenda polepole huliokoa jicho. Kwa hiyo usalama ninaoutetea ni kulitazama jicho kabla ya kuongeza dawa, mboni ikiwa imepanuliwa kwa matone, na kama ugonjwa umefika hatua kali, litibiwe kwanza kwa leza au sindano ya jichoni. “Naona vizuri” si kipimo. Katika uchunguzi wa Nakuru wa 2007 na 2008, uliohusisha watu 4,414 wenye miaka 50 na zaidi, takriban thuluthi moja ya wenye kisukari walikuwa na ugonjwa wa retina, nao hauumi. Mjamzito mwenye sukari ya juu, au mgonjwa aliyezidiwa akitapika na kupumua kwa shida, hangoji: apewe insulini leo, jicho litazamwe mapema iwezekanavyo.

Wanaouza chupa za majani kwa ahadi ya kushusha sukari kwa siku tatu wanaahidi hasa kile ambacho jicho bovu linakiogopa, tena bila kipimo chochote. Wala hujui kilichomo ndani: Singapore, mwaka 2008, watu 150 wasio na kisukari walilazwa sukari ikiwa imeanguka vibaya, na wanne wakafa. Dawa za nguvu za kiume walizonunua mitaani zilikuwa zimechanganywa na glibenklamaidi, kidonge cha kisukari. Kuhusu chakula, chinsaga ni mboga bora na ugali wa wimbi ni chakula kizuri, lakini wimbi ni wanga na sahani iliyorundikwa itapandisha sukari.

Kwa anayeanza dawa: pima shinikizo la damu, meza dawa za shinikizo kama umeandikiwa, na retina iliyoathirika irudiwe kutazamwa kila miezi mitatu katika mwaka wa kwanza. Ukungu wa wiki za mwanzo mara nyingi hutoka kwenye lenzi, ambayo hubadilika umbo maji yanapoingia na kutoka. Usinunue miwani mipya kabla ya sukari kutulia mwezi mmoja au miwili. Vitone vyeusi vinavyoelea, pazia jichoni, au mlango ulionyooka ukionekana umepinda, ni safari ya kliniki ya macho siku hiyohiyo, ukiwa na tarehe uliyoanza dawa na majibu ya HbA1c ya kabla na baada.