Kamera ya Chini ya Maji: Angalia Kina Kabla ya Kununua

Wakaazi wa Kwale wanaojifunza kupiga mbizi, wakiwemo vijana wanaotembeza wageni katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, wanashauriwa kuangalia jambo moja kabla ya kununua kamera: kina inachoweza kuhimili.

Kamera nyingi ndogo zisizoingiza maji huhimili mita 10 hadi 15 pekee, ilhali mpiga mbizi mwenye cheti cha kwanza huruhusiwa kushuka hadi mita 18. Kina kikizidi, maji hupenya na pesa zimepotea. Anayepanga kushuka zaidi anunue pia kasha gumu lililotengenezewa kamera hiyo.

Kabla ya kuingia majini, kagua mpira unaoziba mlango wa betri. Unywele mmoja au chembe ya mchanga yatosha kuingiza maji.

Ukishuka, rangi nyekundu ndiyo hupotea kwanza. Chagua mpangilio wa chini ya maji na usogelee unachopiga hadi chini ya mita moja. Maji yakiwa na tope, zima flashi. Mwanga wake hujaza picha madoa meupe.

Ukitoka, loweka kamera katika maji yasiyo na chumvi, na uifungue ikishakauka kabisa.

Usishike wala kukanyaga matumbawe ukitafuta picha. Yakivunjika huchukua miaka mingi kukua tena, nayo ndiyo makao ya samaki wanaotegemewa na wavuvi na wageni pia. Jifunze kwanza kuelea bila kugusa chini. Kamera ifuate baadaye.