Gitaa ni la Bendi, Vidole ni vya Mtu

Jumamosi moja, kwenye mazoezi ya bendi ya vijana pale Mji Mpya, Morogoro, mpiga solo alitaka kwenda kunywa maji. Akamvulia mwenzake gitaa, wimbo ukaendelea. Hakuna aliyegusa kitufe cha amplifaya wala kukaza uzi. Noti zilikuwa zilezile. Lakini mama aliyekuwa akikaanga mihogo barazani alichungulia dirishani akauliza, "Jamani, yule wa mwanzo kaenda wapi?"

Mashine haikubadilishwa, basi mama yule alisikia nini?

Alisikia vidole. Uzi wa gitaa ukichunwa karibu na daraja, pale unapofungiwa chini, hutoa sauti kali na nyembamba. Ukichunwa kuelekea shingoni, sauti huwa nene na laini. Kila mpigaji mkono wake umezoea kukaa mahali fulani kati ya hapo, na akishapazoea ni vigumu kuhama. Halafu kuna namna ya kuumaliza uzi: mmoja huuacha ulie mpaka ufe wenyewe, mwingine huuzima mapema kwa kiganja. Jambo la tatu ni wakati. Wapo wanaotangulia dramu kwa unywele, muziki ukawa na pupa. Wapo wanaoliacha pigo lipite kwanza ndipo wajibu, muziki ukajinyoosha. Wote wako sahihi, ila hawafanani.

Kwa wanaotaka kulielewa jambo hili, Morogoro ni darasa lililo tayari. Chini ya milima ya Uluguru, mji huu ulilea bendi mbili kubwa za dansi zilizogombea wapenzi walewale: Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, na Cuban Marimba. Zote mbili zilimpoteza mtu wao mkuu, moja kwa kifo na nyingine kwa kuhamwa.

Tuanze na kifo. Salum Abdullah, mwasisi wa Cuban Marimba, aliipenda mno miondoko ya Kuba iliyoletwa Afrika Mashariki na santuri za mfululizo wa GV. Husimuliwa kwamba ujanani alitoroka kwao akitaka kwenda hukohuko Kuba, safari ikamwishia Mombasa. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Bendi haikufa naye. Juma Kilaza alishika usukani, na jina la Cuban Marimba likaendelea kusikika redioni katika miaka ya 1970. Ila kiongozi mpya huja na pumzi yake. Mwenye kifua kirefu hutunga mistari mirefu, anayependa kukata maneno hukata na tungo. Wapiga vyombo nao, hata wakiwa walewale waliobaki, hulazimika kuziba mapengo yaliyo mahali tofauti na pale walipozoea.

Upande wa Morogoro Jazz kulikuwa na Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka uleule bendi ilipoanzishwa. Aliingia katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1970 bendi ikaenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 akaondoka kuunda Super Volcano.

Mbaraka alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo, yote katika mwili mmoja, na hapo ndipo penye siri. Kwenye bendi nyingi mwimbaji ni mmoja na mpiga solo ni mwingine, hivyo hupigania nafasi. Mmoja hajamaliza neno, mwenziwe keshadakia. Anayefanya yote mawili anajua sentensi yake itaishia wapi, na gitaa lake hungoja hapo. Tena mkono uliozoea kuimba hupiga kama unaovuta pumzi. Mpiga saksafoni hana hiari, kifua kikiisha sauti inakatika. Mpiga gitaa anaweza kumwaga noti usiku kucha bila kupumua, na wengi hufanya hivyo. Msikilize Mbaraka: anasema neno, anatua, anajibu. Solo lake unaweza kulitia maneno.

Sasa fikiria hili. Kwa bendi nyingi za enzi zile, vyombo vilikuwa mali ya bendi au ya mwenye bendi, si ya mwanamuziki. Mtu alipohama aliacha gitaa na amplifaya nyuma, akaondoka na mikono yake tu. Ingekuwa sauti inakaa kwenye chombo, bendi isingepungukiwa kitu. Wapenzi walijua sivyo, na wanamuziki pia. Ndiyo maana kundi jipya lilijitangaza kwa mtindo wenye jina lake. Morogoro Jazz walikuwa na Sululu, Super Volcano wakaja na Masika.

Lakini tusimpe nyota yote. Dansi letu husimama juu ya magitaa yanayogawana kazi. Ridhimu hushikilia kodi za wimbo. Solo la pili hurudia kijineno kifupi bila kuchoka, besi hutembea na kuacha mashimo, tumba hulijaza kila shimo. Wimbo ukifika kwenye chemko, pale maneno yanapopungua na watu wanaingia kucheza kwelikweli, solo huonekana linapaa. Linapaa kwa sababu wengine wamekubali kubaki chini. Mtu wa solo la pili akichoka kurudia na kuanza kujionyesha, mkuu wa solo atapiga noti zilezile za jana na wachezaji watarudi vitini.

Hata wenzetu wa roki huko Uingereza waliliona jambo hili. John Bonham, mpiga dramu wa Led Zeppelin, alipofariki Septemba 1980, waliobaki hawakutafuta mbadala. Kabla mwaka haujaisha walitangaza kuivunja bendi, ingawa mwimbaji na mpiga gitaa, ndio waliokuwa wakionekana mbele, walikuwepo wote.

Mbaraka naye alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Jaribu zoezi hili kwa heshima yake. Tafuta wimbo wa siku zake za Morogoro Jazz na mwingine wa Super Volcano. Usikilize kila mmoja mara mbili. Mara ya kwanza mfuate yeye. Mara ya pili mwache, mfuate mtu wa solo la pili peke yake mpaka mwisho.

Nilifanya hivyohivyo siku ile Mji Mpya. Wakati mama anauliza habari za mpiga solo, mimi nilimtazama kijana wa ridhimu. Alikuwa amefupisha mikwaruzo yake karibu nusu, kwa sababu mpigaji mpya alijaza kila nafasi. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinikazia macho. "Kaka, mimi sijabadilisha kitu."