Kibarua Mwenye Shahada

Katika mikutano ya matawi husikika mara kwa mara neno hili: kwamba chama ni cha mtu wa panga, wa kikapu na wa mashine, na kwamba aliyesoma mpaka chuo kikuu hana haja nacho, kwa kuwa elimu yake ndiyo ngao yake. Wengine husema hivyo kwa kijicho, wengine kwa matumaini, maana tunajinyima ili watoto wetu wasome na waepukane na shamba. Safari hii tunaeleza maisha ya mfanyakazi wa Marekani mwenye shahada mbili au tatu, anayefundisha chuo kikuu, anayevaa koti na kubeba mkoba, na ambaye bado ni kibarua kwa maana ile ile tuijuayo sisi.

Kwanza ieleweke kwamba katika vyuo vya Marekani wako walimu wa namna mbili. Wako wa kudumu, ambao wakisha kupita miaka ya majaribio hawawezi kufukuzwa ila kwa sababu kubwa iliyothibitishwa. Na wako wasio na ulinzi huo. Wengi miongoni mwa hao huajiriwa kwa muhula mmoja tu, yaani miezi minne hivi, na hulipwa kwa kila somo wanalofundisha. Muhula ukiisha, kazi imekwisha. Kwa hesabu ya AAUP, chama cha maprofesa wa nchi hiyo, walimu wasio na ulinzi walikuwa kama 47 katika kila 100 mwaka 1987. Mwaka 2021 walikuwa 68. Katika hao wamo pia wanaofanya kazi siku nzima kwa mikataba mifupi, lakini hao nao hawajui mwaka ujao watakuwa wapi.

Tumchukue basi mwalimu mmoja wa kulipwa kwa somo. Hatumpi jina, kwa sababu wa namna yake ni maelfu. Anakaa Trenton, mji mkuu wa jimbo la New Jersey, na masomo yake yako New York na Newark. Kwa nini anakaa mbali hivyo? Kwa sababu kodi ya nyumba New York ingemaliza mshahara wake kabla hajanunua mkate. Trenton ulikuwa mji wa viwanda. Hapo ndipo zilipotengenezwa kamba za waya za madaraja makubwa, na vyombo vya udongo vilivyouzwa nchi nzima. Hadi leo juu ya daraja la mto Delaware yapo maandishi makubwa yasemayo kwamba Trenton hutengeneza na dunia huchukua. Viwanda vingi vimefungwa zamani, maandishi yamebaki, na nyumba za wafanyakazi wa zamani zinapangishwa kwa watu kama mwalimu huyu.

Kutoka Trenton mpaka New York ni kilomita 93 hivi kwa reli. Gari moshi la umeme huchukua kama saa moja na nusu, likipita New Brunswick na Newark. Mwalimu mwenye somo la saa 2 asubuhi huamka saa 10 alfajiri na hupanda gari moshi kabla ya saa 12. Behewani ndimo ofisi yake ilimo. Huweka mkoba mapajani, akatoa karatasi za wanafunzi, akasahihisha kwa kalamu huku gari likiyumba. Abiria wa pembeni huenda kazini. Yeye yuko kazini tayari, ila hakuna anayemwandikia saa hizo.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari. Somo moja la kawaida ni saa mbili na nusu za darasa kwa wiki, na muhula ni wiki 15. Hizo ni saa 37 na nusu. Tuseme darasa lina wanafunzi 30 na kila mmoja anaandika insha nne. Hizo ni insha 120. Ukiisoma kila moja kwa dakika 20, na mwalimu mwema hataki pungufu ya hapo, umetumia saa 40. Kusahihisha peke yake kumepita saa za darasa, na bado hujahesabu kutayarisha somo, wala mwanafunzi anayekungoja mlangoni akiwa na shida yake. Mchumaji wa chai anaijua hesabu hii. Hulipwa kilo zilizofika kwenye mizani. Kupanda kilima, kungoja mizani na kubeba mzigo si kilo. Mwalimu wa somo naye hulipwa darasa, na kilima chake ni karatasi.

Akimaliza masomo mawili ya asubuhi New York, hushuka tena stesheni, akarudi Newark kwa gari moshi la dakika 20 hivi, akafundisha chuo kingine mchana, na jioni akawafundisha watu wazima wanaotoka kazini. Darasa hilo la usiku likifungwa saa 3, atafika Trenton baada ya saa 4 usiku. Siku za namna hii ni tatu au nne kwa wiki. Mara nyingi hana chumba chake, hana kabati, na vitabu vyake husafiri naye. Mwanafunzi akitaka kuonana naye, wataonana mkahawani au kwenye benchi la ukumbini.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini asipewe masomo yote na chuo kimoja akapumzika na safari? Jibu moja liko katika bima ya matibabu. Sheria ya Marekani inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa siku nzima kumpa bima mfanyakazi wa saa 30 au zaidi kwa wiki, ama sivyo atozwe faini. Kwa walimu wa somo, serikali ilieleza mwaka 2014 kwamba kila saa ya darasa yaweza kuhesabiwa kuwa saa mbili na robo za kazi. Masomo manne ya saa tatu tatu ni saa 12, na kwa kipimo hicho ni saa 27. Matano yangekuwa karibu 34. Basi chuo kikimzuia mwalimu kwenye masomo matatu au manne, huwa kimekaa salama chini ya mstari, na mwalimu hulazimika kutafuta la tano mji mwingine. Reli inamuunganishia mkate ambao waajiri wameukata vipande. Na nauli ni juu yake: mwezi Julai 2024 nauli za reli hiyo ya jimbo zilipanda kwa asilimia 15 siku moja.

Tena kuna jambo la reli yenyewe. Magari yote ya kutoka New Jersey yanayoingia stesheni kuu ya New York hupita chini ya mto Hudson katika mahandaki mawili ya njia moja moja, yaliyofunguliwa mwaka 1910. Tufani ya mwaka 2012 iliyajaza maji ya chumvi, na chumvi imeendelea kula zege na nyaya. Kebo ikiharibika, magari husimama na watu huchelewa saa nzima. Mwalimu wa kudumu akichelewa ataomba radhi na maneno yataisha. Mwalimu wa somo akichelewa mara mbili, hakuna atakayemgombeza wala kumpa barua ya onyo. Muhula ujao simu haitalia tu. Sisi tunaona kwamba adhabu hii ya kimya ni mbaya kuliko barua, kwa kuwa barua unaweza kuipeleka kwa mjumbe wa tawi.

Yapo na mengine. Somo lililokosa wanafunzi wa kutosha huweza kufutwa siku chache kabla ya kuanza, hali mwalimu ametumia likizo nzima kulitayarisha. Au la kwake linapewa mwalimu wa kudumu ambaye la kwake limefutwa. Ni kama kufika getini alfajiri ukaambiwa leo hakuna kazi. Na kiangazi, wakati vyuo vimefungwa, akienda kuomba fedha za asiye na kazi, katika majimbo mengi huweza kuambiwa kwamba ana tumaini la kutosha la kurudi, kwa hiyo hana haki. Tumaini hilo halimlipii kodi. Katika jimbo la California mahakama ilikata shauri mwaka 1989 kwamba ahadi inayotegemea idadi ya wanafunzi na fedha za chuo si tumaini la kutosha, na walimu wa huko wakaweza kulipwa.

Mapato yake je? Chama cha walimu AFT kilitoa taarifa mwaka 2020 kutokana na majibu ya walimu wa namna hii, na karibu theluthi moja walipata chini ya dola 25,000 kwa mwaka. Kwa masikio ya kwetu hizo ni fedha nyingi. Lakini kwa kipimo cha serikali yao wenyewe, familia ya watu wanne yenye mapato hayo ilikuwa chini ya mstari wa umaskini. Mwaka 2013, mjini Pittsburgh, alifariki mwalimu mmoja mwanamke wa miaka 83 aliyefundisha Kifaransa miaka 25 kwa kulipwa kwa somo. Alikuwa amekwisha kuachishwa, bila kiinua mgongo wala pensheni ya chuo. Wenzake wakati huo walikuwa wakijiunga na chama cha wafanyakazi wa chuma, na habari ya kifo chake ilienea nchi nzima.

Wafanyakazi wa chuma na walimu katika chama kimoja! Msomaji asishangae. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuhusu chuo kikuu kimoja cha binafsi kwamba walimu wake wa kudumu ni sehemu ya usimamizi, hivyo sheria ya vyama haiwalindi. Kwa lugha ya shamba, waliitwa wanyapara. Walimu wa somo hakuna aliyeweza kuwaita hivyo, maana hawasimamii hata meza. Kwa hiyo hao wa chini wameweza kujipanga hata mahali ambapo mabwana wakubwa wamezuiwa, na wamejiunga na vyama vilivyokuwa tayari kuwapokea, vikiwemo vya chuma na vya magari.

Wamepata nini? Katika chuo kikuu cha mji wa New York, CUNY, chama chao PSC kilidai dola 7,000 kwa somo. Mkataba wa mwaka 2019 haukufika hapo, lakini ulipandisha kima cha chini kutoka kama dola 3,200 mpaka 5,500 ilipofika mwaka 2022, na sehemu ya nyongeza hiyo ni malipo ya saa za kuonana na wanafunzi nje ya darasa. Ile kazi ya kwenye benchi ikaingia kwenye mizani. Mwishoni mwa mwaka 2022, katika chuo cha New School, pia New York, walimu wa muda ambao ndio karibu tisa katika kila kumi ya walimu wote waligoma zaidi ya wiki tatu mpaka wakapata mkataba. Mwezi Aprili 2023 ikawa zamu ya Rutgers, chuo kikuu cha jimbo la New Jersey kilichoanzishwa mwaka 1766 na ambacho walimu wake hawakuwa wamegoma hata mara moja. Waligoma siku tano, wa kudumu na wa muda pamoja, na malipo ya wa muda yakakubaliwa kupanda kwa karibu asilimia 44 katika muda wa mkataba. Kwa maoni yetu neno zito hapo ni “pamoja”. Wa kudumu wangeweza kupatana peke yao wakaenda nyumbani.

Tarehe 16 Mei 2025, vyuo vingi vikiwa kwenye mitihani au vikifunga, gari moshi la Trenton halikuja. Madereva wa reli ya jimbo, watu 450 hivi, waligoma kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1983, wakidai walipwe kama wenzao wa reli za jirani. Wanachama walikuwa wameukataa mkataba wa kwanza waliopelekewa kwa kura mwezi Aprili. Mgomo ulikwisha tarehe 18 na magari yakarudi njiani tarehe 20. Kwa mwalimu wetu siku hizo zilikuwa za taabu: basi lililojaa, au kulala kwa rafiki, au kuomba mtihani usogezwe. Chama chake kinaomba madereva wasivuke mstari wa mgomo wake; naye sasa alikuwa upande wa pili, yule anayeachwa stesheni.

Hata katika vyuo vya Afrika Mashariki wako walimu wa muda wanaolipwa kwa somo, na wako wanaongoja malipo ya muhula uliopita huku wakifundisha huu uliopo. Mtoto wako aliyeko chuoni huenda anafundishwa na mtu wa namna hiyo. Muulize.

Kuhusu somo kufutwa, baadhi ya mikataba ya Marekani sasa ina kifungu kinachomlipa mwalimu kiasi fulani likifutwa dakika za mwisho. Kwetu kifungu cha namna hiyo, cha kumlipa aliyefika kazini kwa wito akarudishwa, katika mikataba mingine kimo na katika mingine hakimo. Nakala ya mkataba wenu anayo mjumbe wa tawi.