Je, Wajua? Profesa ni Mtu Aliyejitangaza

Neno profesa, ukilifuata hadi kwenye shina lake, halina habari na vitabu. Limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini profiteri, yaani kutamka jambo mbele za watu. Warumi walikitumia hata kwa shughuli za kawaida kama kwenda kwa maofisa kuandikisha mali. Katika Biblia ya Kilatini, Injili ya Luka sura ya 2, kitenzi hichohicho ndicho kinachompeleka Yosefu Bethlehemu kuandikishwa. Seremala wa Nazareti, basi, naye ana sehemu yake katika ukoo wa maprofesa!

Mwalimu aliitwa professor kwa sababu alitangaza waziwazi kwamba amebobea katika elimu fulani. Wakati mwingine tangazo hilo lililipa: Kaisari Vespasian, aliyetawala miaka ya 69 hadi 79, aliwapangia walimu wa balagha mshahara wa sesterce 100,000 kwa mwaka kutoka hazina ya dola.

Kitenzi hichohicho cha profiteri kilizaa pia neno profession, na Waingereza walilipata kwa watawa. Kwao profession ilikuwa kwanza nadhiri ya kuingia utawani. Maana ya kazi ya kisomi ilikuja karne kadhaa baadaye. Nadhiri yenyewe haikuwa ya kunong'ona. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inataka mnovisi, yaani anayejiandaa kuwa mtawa, aahidi kanisani mbele ya wote, aiandike ahadi kwa mkono wake, kisha aiweke mwenyewe altareni. Asiyejua kuandika huandikiwa, naye anatia alama. Papo hapo anavuliwa nguo zake na kuvishwa za monasteri. Zile za zamani hazitupwi: zinatunzwa, ili siku shetani akimshawishi aondoke, aondoke nazo. Hati je? Hiyo harudishiwi, inabaki monasterini. Benedikto aliwajua watu.

Ndugu wa neno profesa ni confess, kuungama. Mfalme Edward wa Uingereza, aliyefariki Januari 1066, huitwa the Confessor, na wengi hudhani alikuwa mtu wa kitubio. Sivyo. Kanisa liliwapa jina hilo watakatifu walioikiri imani yao hadharani bila kuuawa kwa ajili yake, na Edward alifia kitandani.